Video ikigoma kubadilishwa, ripoti ya kosa ndiyo yenye jibu

Wengi wanaoweka video kwenye tovuti zao wameshakutana na hili: klipu imerekodiwa kwa simu, imepakiwa kwenye huduma ya bure ya kubadilisha video mtandaoni, halafu jibu linarudi kwamba imeshindikana. Hapo ushauri hugawanyika. Kuna wanaosema jaribu huduma nyingine, na kuna wanaosema sakinisha FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa amri za maandishi, kwenye kompyuta yako uandike amri mwenyewe.

Wa kwanza hawajakosea. Huduma hizo hazitaki kusakinisha chochote, zinafanya kazi hata kwenye simu, na faili likiwa la kawaida kazi inaisha upesi. Mwenye klipu moja ya sherehe hana haja ya kukariri amri.

Tatizo huanza zinapogoma, kwa kuwa nyingi hazisemi sababu, na kubahatisha kuna gharama. Kwenye iPhone, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde huchukua takriban MB 170 ikirekodiwa kwa HEVC, mbinu ya kubana video iliyo mpya kuliko H.264 iliyozoeleka. Mahafali ya dakika 10 ni MB 1,700. Ukiyapakia kwenye huduma tatu tofauti, bando la zaidi ya GB 5 limekwenda na bado hujui kosa ni lipi. Kwa anayenunua bando kwa wiki, hiyo ni hasara kubwa, na huduma ya nne haitakuwa na jibu jipya.

FFmpeg inaogopwa kwa sababu ya lile dirisha jeusi lililojaa maandishi, kumbe jibu limo humo humo. Ikiandika "moov atom not found", maana yake sehemu inayoeleza mpangilio wa faili haionekani. Mara nyingi simu ilizima katikati ya kurekodi, au faili lilinakiliwa nusu. Kama ni kunakili, rudi kwenye simu ukalinakili upya. Ikiandika "height not divisible by 2", video ilikatwa ikabaki na kimo cha, tuseme, pikseli 1079, wakati H.264 kwa mpangilio wa rangi uliozoeleka inataka namba shufwa. Punguza pikseli moja, kazi inaendelea. Ni makosa mawili yasiyohusiana kabisa, na huduma ya mtandaoni huweza kuyajibu kwa sentensi ile ile.

Kuna pia kushindwa kusikojitangaza. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata zinaweza kurekodi kwa HEVC ndani ya faili la MOV. Mtu hufuta MOV kwenye jina, huandika MP4, na kuamini amebadilisha. Kilichomo ndani hakijaguswa. Akifungua tovuti kwenye simu yake, kivinjari cha Safari kinaicheza vizuri. Mteja mwenye kompyuta ya zamani isiyosoma HEVC anasikia sauti huku kioo ni cheusi. Amri hii inatibu hilo kwa kuigeuza video kuwa H.264:

ffmpeg -i mahafali.mov -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -movflags +faststart mahafali.mp4

Sehemu ya faststart ndiyo wengi huiruka. Inahamisha yale maelezo ya mpangilio kutoka mwisho wa faili hadi mwanzo. Yakibaki mwishoni, kivinjari hulazimika kuyafuata huko kwanza, na kama seva hairuhusu kuchukua faili vipande vipande, mtazamaji husubiri lishuke lote ndipo picha ya kwanza ionekane. Wengi hawasubiri.

Nakubali kwamba ripoti hizo zimeandikwa kwa Kiingereza cha kiufundi, na hicho ni kikwazo cha kweli. Lakini mstari wa kosa unaweza kunakiliwa na kupelekwa kwa fundi, naye akajua pa kuanzia. Huduma za bure zingeweza kufuta sehemu kubwa ya ubishi huu kwa kumwonyesha mtumiaji ripoti ya mtambo wao pale kazi inapokwama, badala ya kumwambia ajaribu tena.