Kabla ya Kulilaumu Jicho, Tazama Fimbo Imegusa Wapi

Mchezaji wa pool akikosa shimo, neno la kwanza kumtoka ni kwamba amelenga vibaya. Mimi naamini kwamba mara nyingi kosa haliko katika kulenga, bali katika sehemu ya mpira mweupe iliyoguswa na ncha ya fimbo. Kwa hiyo kifaa cha mazoezi kinachofaa ni kile kinachomwonyesha mchezaji sehemu hiyo papo hapo, pigo likiwa bado mkononi. Kwa kigezo hicho, vifaa vingi vinavyouzwa mtandaoni kwa bei za kutisha vinaanguka, na vinabaki vile ambavyo tayari vimo katika baa yoyote yenye meza.

Vipimo vyenyewe vinaeleza ugumu wa jambo hili. Mpira wa pool ya Kimarekani una kipenyo cha milimita 57 hivi, na ukiugusa zaidi ya milimita 14 kutoka katikati, fimbo huteleza. Maana yake ni kwamba eneo lote linalopigika ni duara lenye upana wa milimita 28, ilhali ncha ya fimbo peke yake huwa na upana wa milimita 12 au 13. Ncha ikigusa kulia bila mchezaji kukusudia, mpira huchepuka kidogo kwenda kushoto na papo hapo huanza kujizungusha. Kuchepuka kwa digrii moja tu, katika umbali wa mita moja na nusu, huupeleka mpira milimita 26 nje ya njia yake, karibu nusu ya mpira mzima. Mtu huyo huenda alilenga sawasawa kabisa. Kwa kuwa hajui kilichotokea, katika pigo linalofuata atayarekebisha macho ambayo hayakuwa na kasoro yoyote, na sasa atakuwa na makosa mawili.

Kifaa ninachokitetea ni mpira namba 9, ule wenye mkanda wa njano. Uweke mahali pa mpira mweupe, mkanda ukiwa wima kama gurudumu linaloelekea unakopiga, na kile kiduara chenye namba kikutazame. Ufute kwanza, paka chaki kwenye ncha, kisha upige kwa nguvu ya wastani kupitia katikati ya meza, ugonge ukingo wa mbali na kurudi ulipotoka. Ukiwa umegusa katikati, mkanda utabiringika wima bila kuyumba. Ukiwa umegusa pembeni, utauona ukilewalewa tangu hatua za mwanzo. Ukingo nao hutoa ushahidi wake, kwa sababu mpira uliopigwa upande wa kulia hurudi ukiegemea kulia. Hatimaye uokote mpira uutazame: mara nyingi doa la chaki ya buluu litakuwa limebaki juu ya kiduara cha namba au kando yake, na hapo hakuna tena la kubishana.

Zoezi hili lina faida nyingine kwenye meza za sarafu, ambazo mpira ukishaingia shimoni haurudi mpaka ulipie tena, kwani hapa hakuna haja ya kuingiza mpira wowote shimoni. (Mwenye meza hatalifurahia, lakini hilo ni suala kati yako na yeye.) Hata hivyo, ili mashine iweze kuutenga mpira mweupe na mingine, katika baadhi ya meza hizo mpira huo hutengenezwa ukiwa mkubwa zaidi, mdogo zaidi au mzito zaidi. Namba 9 basi itakufundisha kunyoosha pigo, lakini kipimo cha nguvu utakitafuta kwa mpira mweupe wenyewe.

Chupa tupu ya soda, iliyolazwa mezani mdomo ukikuelekea, nayo ni mwalimu mzuri: unapeleka ncha ya fimbo ndani na kuitoa bila kugusa kioo, na mlio wa kioo ndio jibu lako. Upungufu wake ni kwamba hakuna mpira unaopigwa, na mikono mingi huharibika sekunde ileile ya kupiga, pale kiganja kinapokaza fimbo au kichwa kinapoinuka mapema kutazama matokeo. Kwa sababu hiyohiyo siupendi mwanga wa leza unaochorwa juu ya meza, kwa kuwa unaonyesha fimbo ilikoelekea kabla ya pigo tu. Mpira wa mazoezi unaoitwa kwa jina la Mmarekani Jim Rempe, uliochorwa alama za mahali pa kugusa, ninauheshimu zaidi, hasa kwa anayejifunza kuurudisha mpira nyuma au kuusukuma mbele kwa makusudi. Lakini hauwezi kuwa sharti la kujifunza. Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1999, alianza utotoni katika ukumbi wa mjomba wake mjini Manila, akisimama juu ya kreti za soda ili aifikie meza.

Kama pesa ipo, ningeitumia kwanza kwenye ngozi ya ncha. Fimbo nyingi za baa zina ngozi iliyolika na kuwa ngumu, isiyoshika chaki, na kwa fimbo ya namna hiyo hata pigo lililo sahihi linaweza kuteleza.

Baada ya hapo, ubadilishane mipira: pigo moja kwa namba 9, pigo moja kwa mpira mweupe, ukijaribu kila mara kutamka ulipogusa kabla ya kutazama mkanda au doa la chaki. Siku ambayo mkono unatoa jibu sahihi mara nyingi kuliko unavyokosea, irudishe namba 9 kwa wenzake na upange mipira uanze kucheza.