Riba sifuri kwa miezi 18: nani hasa ananufaika na kuhamisha deni la kadi

Katika robo ya pili ya mwaka 2023, deni la kadi za mikopo nchini Marekani lilivuka dola trilioni 1 kwa mara ya kwanza, kwa mujibu wa hesabu za tawi la Benki Kuu lililoko New York. Wastani wa riba ya kadi hizo katika kipindi hicho umekuwa ukizungukia asilimia 21 kwa mwaka, kiwango ambacho humfanya mtu alipe miezi na miezi bila kuona deni likipungua. Ndipo bahasha za benki nyingine zinapoingia kwenye sanduku la barua na ahadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: hamishia deni lako kwetu, hutatozwa riba kwa miezi 18. Watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Minneapolis, Columbus au Dallas huzipokea kama wenzao wengine, na mjadala baina yao umegawanyika: wapo wanaosema huo ni msaada wa bure ambao ni ujinga kuuacha, na wapo wanaosema ni toa huku weka kule.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Benki mpya inailipa benki ya zamani deni lako, na kuanzia hapo unadaiwa na benki mpya. Kwa kazi hiyo inakutoza ada mara moja, ambayo kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5 ya kiasi kilichohamishwa, na ada hiyo huongezwa kwenye deni. Kipindi kisicho na riba mara nyingi huwa kati ya miezi 12 na 21. Baada ya hapo, salio lolote lililobaki linaanza kutozwa riba ya kawaida ya kadi hiyo mpya, ambayo inaweza kuwa sawa na ile uliyoikimbia au hata kuizidi. Kuhamisha deni kutoka kadi moja kwenda nyingine ya benki ileile kwa kawaida hairuhusiwi, kwa kuwa lengo la benki ni kuwavuta wateja wa washindani wake.

Tuanze na hoja ya wanaounga mkono, kwa sababu ni hoja ya hesabu na hesabu haina upendeleo. Mtu anadaiwa dola 6,000 kwa riba ya asilimia 22 na ana uwezo wa kulipa dola 350 kila mwezi. Akibaki na kadi ya zamani, na asiongeze hata senti moja ya matumizi, atamaliza katika mwezi wa 21, akiwa amelipa riba ya takriban dola 1,270. Akilihamisha deni hilo kwa ada kubwa ya asilimia 5, deni linakuwa dola 6,300, na dola zilezile 350 kwa miezi 18 zinalimaliza lote bila salio. Gharama yake yote ni ada ya dola 300. Ameokoa karibu dola 970 na amemaliza miezi mitatu mapema, bila kuongeza jasho wala kupunguza mlo. Anayesema kwamba kuhamisha deni hakuna faida yoyote hajaifanya hesabu hii.

Hata hivyo, hesabu hiyo imesimama juu ya sharti moja ambalo matangazo hayalitaji, nalo ni kwamba mtu atalipa dola 350 kila mwezi kana kwamba riba bado inamkimbiza. Hapa ndipo sehemu hatari zaidi ya mpango huu ilipo, na kwa maoni yangu ni hatari kuliko ada na hata kuliko riba itakayofuata. Benki nyingi hukokotoa malipo ya chini ya mwezi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mteja analazimika kulipa, kwa kuchukua asilimia 1 ya salio na kuongeza riba ya mwezi huo. Riba ikiwa sifuri, kinachobaki ni ile asilimia 1 peke yake. Kwa deni la dola 6,300, taarifa ya mwezi wa kwanza itamwambia mteja kwamba anatakiwa kulipa dola 63. Mtu aliyezoea kudaiwa dola 170 kila mwezi anaiona namba hiyo na kupumua. Akilipa kiasi hicho tu, bila kuchelewa hata siku moja na bila kununua chochote, baada ya miezi 18 atakuwa bado anadaiwa takriban dola 5,257. Riba ikirudi kwa asilimia 24, mwezi wa kwanza tu utamgharimu zaidi ya dola 100. Ametimiza masharti yote ya mkataba na karibu deni lote bado liko palepale.

Benki zinaijua tabia hii vizuri. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni moja ya kadi ya Marekani iliwatumia watu 600,000 barua zenye masharti tofauti, na matokeo yake yakachambuliwa na wanauchumi Haiyan Shui na Lawrence Ausubel wa Chuo Kikuu cha Maryland. Wateja walivutiwa zaidi na riba ya asilimia 4.9 kwa miezi 6 kuliko asilimia 7.9 kwa miezi 12, ingawa wengi wa waliojiunga waliendelea kubeba deni muda mrefu baada ya miezi 6 kuisha, na kwa hiyo mpango wa mwaka mzima ndio ungewafaa. Walikuwa wanajikadiria kuwa watalipa haraka kuliko walivyolipa. Riba ndogo ya mwanzo ni gharama ambayo benki inaibeba ikijua kwamba sehemu ya wateja haitafika mwisho wa kipindi ikiwa imemaliza kulipa, na sehemu hiyo ndiyo inayowalipia wale waliomaliza.

Si haki, lakini, kuwaeleza wakopaji kama watu walioachwa bila ulinzi. Sheria ya kadi za mikopo iliyosainiwa na Rais Barack Obama mwezi Mei 2009 ilibadilisha mengi. Kipindi cha riba ya ofa lazima kidumu angalau miezi 6. Benki hairuhusiwi kuiondoa riba hiyo kwenye deni lililokwishahamishwa kwa sababu tu malipo yamechelewa siku mbili tatu. Ni mpaka mteja apitishe siku 60 bila kulipa, ingawa faini ya kuchelewa itamfika mapema zaidi. Kiasi chochote kinacholipwa juu ya malipo ya chini lazima kielekezwe kwanza kwenye sehemu ya deni yenye riba kubwa zaidi. Kwenye taarifa ya kila mwezi kuna kisanduku kinachoonyesha itachukua miaka mingapi kumaliza deni kwa kulipa kiwango cha chini tu, na ni kiasi gani kinatakiwa ili limalizike ndani ya miezi 36. Kisanduku hicho kipo kwenye karatasi ya kila mwenye kadi, na sijui watu wangapi hukisoma.

Sheria haikuziba kila mwanya. Mwanya unaowanasa wengi ni wa manunuzi mapya. Mtu anayelipa salio lote la kadi kila mwezi hatozwi riba kwenye manunuzi yake, kwa sababu ana kipindi cha neema hadi tarehe ya kulipa. Akiwa na deni lililohamishwa kwenye kadi hiyohiyo na asipolilipa lote, neema hiyo kwa kawaida inaondoka, na kila anachonunua kinaanza kuhesabiwa riba tangu siku ya manunuzi, isipokuwa ofa iwe imejumuisha pia manunuzi. Mwaka 2014 CFPB, ofisi ya serikali kuu inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, ilizionya benki kwamba kutangaza ofa hizi bila kulieleza jambo hilo kunaweza kuwa udanganyifu. Jibu la vitendo ni kwamba kadi iliyopokea deni isitumike kununua kitu chochote, hata petroli.

Lipo pia jambo la kadi za maduka ya samani na vifaa vya umeme, ambazo watu huzichanganya na ofa hizi. Zinasema hakuna riba ukimaliza ndani ya miezi 12, lakini ukibakiza hata dola 20 unatozwa riba ya mwaka mzima tangu siku ya kwanza. Ofa ya kweli ya kuhamisha deni haifanyi hivyo, kwani riba yake huanza kwenye kilichobaki tu.

Hoja nyingine ya wapinzani inahusu nani anaipata ofa. Alama za ukopaji nchini Marekani, yaani namba inayoonyesha mtu anaaminika kiasi gani kulipa mikopo, huanzia 300 hadi 850, na ofa nzuri huenda kwa walio na alama za juu, takriban 670 na kuendelea. Mtu ambaye kadi zake zimejaa na amechelewa kulipa mara mbili, yaani yule hasa mwenye haja, hukataliwa au hupewa kikomo kidogo cha mkopo. Hili la kikomo huwashangaza watu, kwa sababu huwezi kukijua kabla ya kuomba. Unaomba ukiwa na deni la dola 6,000, unakubaliwa, kisha unaambiwa kikomo chako ni dola 2,500, na ada nayo inachukua nafasi humohumo. Mhamiaji ambaye historia yake ya mikopo ina umri wa miaka miwili, hata kama hajawahi kuchelewa kulipa, yuko karibu na kundi hili. Kwa hiyo ni kweli kwamba nafuu kubwa zaidi huwaangukia wale ambao hali yao haikuwa mbaya sana tangu mwanzo. Ila hiyo ni lawama kwa mfumo. Haimkatazi aliyepata ofa kuitumia.

Kwa mtazamo wangu, tofauti inayoamua haiko kwenye ada wala kwenye idadi ya miezi. Iko kwenye chanzo cha deni. Mtu aliyelazimika kununua tiketi ya ghafla ya kwenda Mombasa kumzika baba yake, akachangia na matanga, akarudi na deni la dola 4,000, ana deni lililokoma. Chanzo chake kimepita, mshahara wake unatosha kwa maisha ya kila mwezi, na anachohitaji ni muda usio na riba. Kwake yeye kuhamisha deni ni uamuzi mzuri karibu bila masharti. Mtu mwingine kila mwezi hutuma nyumbani ada za wadogo zake na kodi ya nyumba ya mama, na jumla ya hayo na gharama zake za hapa inazidi kipato chake kwa dola 200. Huyo ana deni linaloendelea kuzaliwa. Akilihamisha, kadi ya zamani inabaki tupu na wazi, na dola 200 za mwezi ujao zitaiingia hiyohiyo. Baada ya mwaka atakuwa na kadi mbili zenye deni. Simlaumu, kwa kuwa majukumu yake ni ya kweli na si ya anasa, lakini tiba yake ni mazungumzo magumu ya simu na ndugu kuhusu kiasi kinachotumwa, na kadi mpya humpa sababu ya kuyaahirisha mazungumzo hayo.

Nigusie na kosa moja la wanaotuma fedha. Kutuma fedha nje kwa kadi ya mkopo kupitia huduma za kutuma fedha, benki nyingi hulihesabu kama kutoa fedha taslimu. Linatozwa ada yake, riba yake ni kubwa kuliko ya manunuzi, na haina kipindi cha neema hata cha siku moja. Deni la aina hii ndilo la kwanza kuhamishwa kama nafasi ipo.

Ushauri wa kawaida ni kwamba kadi ya zamani isifungwe, kwa kuwa kuifunga kunapunguza jumla ya mkopo ulio nao na kushusha alama zako. Ni kweli, lakini ushauri huo humfaa anayejiweza. Anayejua kwamba ataitumia aifunge. Alama zilizoshuka hupanda tena, ilhali deni la pili litamgharimu miaka. Asisahau pia kuendelea kuilipa mpaka uhamisho ukamilike, kwani huweza kuchukua wiki mbili au tatu na benki ya zamani haitamsubiri.

Kwa aliyekataliwa, au anayejifahamu kuwa hatalipa zaidi ya kiwango cha chini bila kulazimishwa, ziko njia nyingine. Mashirika ya ushauri wa madeni yasiyo ya kibiashara huweza kupatana na benki ili zishushe riba kwa mpango wa miaka kadhaa. Vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vilivyosajiliwa na serikali kuu, ambavyo aliyewahi kuwa mwanachama wa SACCOS hatavishangaa, vimewekewa ukomo wa riba ya asilimia 18. Mkopo wa dola 6,000 kwa riba hiyo kwa miezi 36 unadai takriban dola 217 kila mwezi, bila kiwango cha chini cha kujificha nyuma yake. Utamgharimu riba ya takriban dola 1,800 kwa jumla, fedha nyingi kuliko ada ya kuhamisha. Lakini ukimweka mkopaji huyo kando ya yule aliyehamisha deni lake na kulipa asilimia 1 tu, ifikapo mwezi wa 18 mwenye mkopo atakuwa anadaiwa takriban dola 3,400, na aliyehamisha zaidi ya 5,200.