Beamer angekuwa Jangwani asingemaliza hata msimu

Jumamosi za vuli, huku kusini-magharibi mwa Virginia, usipange safari ya kupita Blacksburg. Chuo cha Virginia Tech kina mechi. Chuo, jamani, si klabu, na uwanja wake wa Lane Stadium unabeba watu kama 65,000. Juzi foleni hiyo ilinikamata nikitoka zamu, na simu nayo haitulii: kwenye kundi la wanazi wa Yanga wanataka kocha aondoke. Kisa? Sare moja.

Najua mtakachosema, kwamba nimelewa baridi ya Ulaya. (Marekani si Ulaya, lakini kwa mjomba wangu wa Temeke kote huku ni Ulaya tu.) Nisikilizeni kwanza. Huo mpira wao wa kubeba mkononi, American football, wala haujanikaa. Wanacheza sekunde chache, wanasimama kupanga mambo, tangazo, kisha tena. Ninachowahusudu ni habari ya mzee mmoja, Frank Beamer.

Beamer aliichezea Virginia Tech miaka ya 1960, akarudi kuwa kocha mkuu msimu wa 1987. Alirithi adhabu za makosa ya waliomtangulia, nafasi za ufadhili wa wachezaji zikapunguzwa. Msimu wa kwanza alishinda mechi 2, akapigwa 9. Jumlisha misimu sita ya mwanzo: ushindi 24, vipigo 40, sare 2. Misimu sita! Mwaka 1992 alishinda 2 kati ya 11, na bado mkurugenzi wa michezo, Dave Braine, akambakiza. Waliopanguliwa ni baadhi ya wasaidizi.

Mwaka uliofuata akashinda 9. Tangu hapo hadi alipostaafu 2015, hakukosa hata mwaka mmoja zile mechi za Bowl za mwisho wa msimu, za timu zilizofanya vizuri, miaka 23 mfululizo. Januari 2000 aliipeleka timu kwenye fainali ya taifa, Florida State wakawafunga 46 kwa 29, na kesho yake kazi ilikuwa bado yake. Leo ana sanamu pale chuoni.

Sasa twendeni nyumbani. Kocha Gamondi alituletea Yanga ubingwa msimu wa 2023/24. Novemba 2024 akafungwa na Azam, akafungwa na Tabora United, akatupiwa virago. Mechi mbili! Na mimi ni Yanga damu, msinitafutie rangi nyingine.

Kuna mjuaji ataniambia hata huko wanafukuza. Ni kweli, wala sifichi. Virginia Tech hiyohiyo ilimtimua kocha Brent Pry Septemba 2025 baada ya kuanza msimu kwa vipigo vitatu, na huo ulikuwa msimu wake wa nne. Lakini huku ukivunja mkataba unaulipa, na unauma. Texas A&M walipomwondoa kocha wa chuo chao, Jimbo Fisher, Novemba 2023, walibaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwa mtu asiye kazini. Ni wazimu, nakubali, ila ni wazimu wenye saini. Kwetu kocha anaondoka na begi, halafu tunasikia kashtaki FIFA adai chake.

"Wana hela hao." Haya, wana hela. Ila hebu niambieni, kumwacha kocha amalize alichokianza kunagharimu shilingi ngapi? Kinachogharimu ni kuleta mpya kila baada ya miezi michache, na nyumba, na gari, na wasaidizi wake watatu.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki: Beamer alikuwa mtoto wa nyumbani, amekulia Fancy Gap, jimbo hilohilo la Virginia. Watoto wetu wa nyumbani tunawafanya makaimu. Juma Mgunda aliivusha Simba hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2022. Januari iliyofuata akaletewa Mbrazili Robertinho juu yake. Ni watani wale, nilipaswa kucheka. Sikucheka.

Mnaoniita Mzungu mweusi, nitajieni kocha mmoja Mtanzania ambaye miaka hii ya karibuni amepewa misimu mitatu kamili Jangwani au Msimbazi, akiwa kocha mkuu, si wa kushikilia nafasi. Mkimpata, chapisho hili nalifuta leoleo.