Mimi Niko Upande wa Msumeno

Wadogo zangu, hebu tafuneni ukucha kidogo. Una ladha gani? Basi huo ukucha na pembe ya kifaru ni kitu kimoja: keratini, ile ile inayotengeneza nywele na kwato. Pembe ya tembo ni jino, lakini ya kifaru haina hata mfupa ndani. Dawa ndiyo haimo kabisa. Hata hivyo wapo watu, hasa Vietnam na China, wanaoinunua kwa bei ya kutisha. Wengine huisaga wakainywa eti ishushe homa, wengine huiweka sebuleni ili wageni wajue mwenye nyumba ana pesa. Yemen nako walikuwa wakiichonga mipini ya majambia.

Mwaka 1970 vifaru weusi walikadiriwa kufika 65,000. Katikati ya miaka ya 1990 hawakufika hata 2,500, ingawa biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1977. Sasa wamepanda kidogo, wamepita 6,000. Kifaru hazaliani haraka: mimba ni miezi 15 au zaidi, ndama ni mmoja, na mama hukaa miaka miwili, mitatu kabla ya kuzaa tena. Jangili yeye anahitaji usiku mmoja tu.

Halafu macho yake ni mabovu. Hutegemea pua, masikio, na yule ndege anayekaa mgongoni akimdonoa kupe. Kiswahili kinamwita askari wa kifaru, na jina hilo halikutoka hewani. Akiona mtu hupiga kelele, na kifaru husimama kujihami. Watafiti walilipima jambo hili Afrika Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2020: kifaru mweusi asiye na ndege alimgundua mtu anayemnyemelea chini ya mara moja kati ya nne, lakini mwenye ndege alimgundua kila mara. Waliompa ndege jina hawakuhitaji kusubiri matokeo hayo. Ubaya ni kwamba sehemu nyingi dawa za kuogeshea ng'ombe zimemuua huyo askari pamoja na kupe wake.

Sasa lile swali ambalo watoto huliuliza kabla ya watu wazima: kwa nini wasiikate tu hiyo pembe?

Zamani jibu langu lilikuwa hapana. Niliona ni kumwadhibu aliyeibiwa na kumwacha mwizi. Na ukiangalia kazi yenyewe, haipendezi. Kifaru anachomwa sindano ya usingizi, anayumba, analala. Wanamfunga kitambaa machoni na kumziba masikio asisikie mngurumo wa msumeno. Unga mweupe unaruka kila upande. Haumi, maana msumeno unapita juu ya sehemu iliyo hai, kama unavyokata kucha zako. Dakika chache baadaye anaamka, anatingisha kichwa, anaondoka na kisiki puani.

Kilichonigeuza ni hesabu. Utafiti uliotolewa 2025 ulifuatilia hifadhi 11 za eneo la Kruger, Afrika Kusini, kuanzia 2017 hadi 2023, ukakuta kwamba ukataji wa pembe ulipunguza ujangili kwa asilimia 78, tena kwa asilimia 1.2 tu ya fedha zote za ulinzi. Naujua ubishi uliopo. Pembe huota tena, kwa hiyo lazima irudiwe kila baada ya mwaka na nusu au miwili. Kuna majangili wanaoua kwa ajili ya kisiki tu, na wengine huhamia kwa vifaru wenye pembe zao. Yote kweli. Lakini kifaru aliyekatwa pembe anaweza kuzaa, na aliyepigwa risasi hazai.

Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, alikatwa pembe na kulindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana huko hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Machi 2018 alikufa akiwa na miaka 45, kwa maradhi ya uzee. Wenzake wengi hawakuipata bahati hiyo ya kuzeeka. Ameacha binti yake Najin na mjukuu wake Fatu, majike wawili, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kubeba mimba. Kwa jamii yao, msumeno ulifika umechelewa.