Sauti ya uzioni: binti anamsikiliza nani?

Katika softiboli ya wasichana wa miaka 12, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, mrushaji husimama futi 40 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 12 na ushei. Msichana mwenye mkono mzuri kwa umri huo huurusha mpira kwa kasi ya kilomita 80 hivi kwa saa. Ukipiga hesabu, mpigaji anabaki na nusu sekunde tu ya kuuona mpira, kuamua na kuzungusha gongo. Ni katika nusu sekunde hiyo baba yake hupaza sauti kutoka nyuma ya uzio: "Kiwiko juu! Tazama mpira!"

Naanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Mjadala kuhusu wazazi wanaofanya fujo kwenye michezo ya watoto, hasa huko Marekani ambako softiboli ya wasichana ina wenyewe, huendeshwa kama suala la adabu: nani kamtukana mwamuzi, nani katolewa uwanjani. Adabu ina nafasi yake. Lakini hata kabla hatujafika kwenye matusi, yupo mtoto ambaye akili yake imegawanywa vipande viwili wakati anaihitaji yote.

Wanaowatetea wazazi wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa. Ligi za watoto zinabebwa na wazazi. Ndio wanaochora mistari ya chaki, ndio wanaouza vinywaji, na mara nyingi kocha mwenyewe ni mzazi wa mmoja wa wachezaji, hajasomea ukocha popote. Halafu kuna baba wa ndoo. Kila anayeujua mchezo huu anamjua: mwanamume anayekalia ndoo ya mipira, akavaa glovu, akamdakia bintiye mipira mia jioni baada ya jioni, miguu ikichubuliwa na ile inayodunda chini mbele yake. Mtu huyo ukimwambia kwamba siku ya mechi akae kimya kama mpita njia, ataona umemdhulumu, na mimi namwelewa.

Tena kuna zito zaidi ya hilo. Kashfa ya udhalilishaji wa kingono katika jimnastiki ya Marekani, iliyosukuma kupitishwa kwa sheria ya shirikisho ya kuwalinda wanamichezo wadogo mwaka 2018, ilionyesha kinachoweza kutokea watu wazima wakizoea kuwaachia wataalamu kila kitu. Mzazi lazima aulize maswali. Ila swali la usalama wa mtoto haliulizwi kwa kumzomea mwamuzi akiita straiki ya pili, yaani mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha; zikifika tatu anatolewa.

Hoja nisiyoweza kuikubali ni ile ya kukomaza. Husemwa kwamba kelele ni sehemu ya mchezo, na mtoto asipozizoea akiwa na miaka 10 hatazimudu akiwa na 18. Anayesema hivyo aketi siku moja karibu na benchi la timu ya softiboli. Wasichana hawa huimba mwanzo hadi mwisho. Wanapiga makofi, wanagonga uzio, wana wimbo wa kila mpigaji, na timu pinzani inajibu kwa sauti ile ile. Hakuna anayetetereka. Anayetetereka huwa ameisikia sauti moja tu, ile aliyofundishwa kuitii tangu hajajua kutembea. Mtazame anapotolewa kwa straiki tatu. Kocha yuko hatua chache mbele yake, wenzake wamenyoosha viganja wampe moyo, naye kabla ya yote anageuza shingo kuangalia uzioni. Anatafuta uso wa mtu mmoja, na jinsi uso huo ulivyo ndivyo atakavyoingia kwenye benchi.

Kuhusu waamuzi yamesemwa mengi, nitapita haraka. Aprili 2022, mjini Laurel, jimbo la Mississippi, mama mmoja aliyetolewa nje ya mechi ya wasichana wa miaka 12 alimsubiri mwamuzi, mwanamke mwenzake, akampiga ngumi ya jicho. Shirikisho la michezo ya sekondari la nchi hiyo lilieleza kwamba waamuzi wapatao 50,000 waliacha kazi kuanzia msimu wa 2018-19 hadi kipindi cha korona kinaisha. Korona ilichangia, lakini matusi ya watazamaji yalikuwa yamewachosha tangu mwanzo. Waamuzi wakipungua, mechi inachezeshwa na mmoja pale palipohitajika wawili, makosa yanaongezeka, na makosa hayo yanazaa kelele nyingine.

Kinachonikosesha raha zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah State. Walichukua wazazi na watoto wao, jozi 163, wakalinganisha sehemu ya kipato cha familia inayokwenda kwenye michezo na vile mtoto anavyojisikia. Kadiri familia ilivyotoa sehemu kubwa zaidi ya kipato, ndivyo mtoto alivyohisi kubanwa na mzazi. Na aliyehisi kubanwa aliufurahia mchezo kidogo, na hamu ya kuendelea nao ikapungua. Jozi 163 si nyingi, na mtu anaweza kusema kwamba wazazi wenye presha ndio hao hao wanaotumia pesa nyingi. Inawezekana. Lakini hebu tulitafakari jambo hili polepole. Kilichopimwa hapo ni pesa na moyo wa mtoto. Hakuna haja ya mzazi kupiga kelele ili binti abanwe. Anaona ada ya timu ya kusafiri, ile inayokwenda kucheza mashindano miji mingine, anaona hoteli ya kila wikendi, anaona gongo jipya, anasikia usiku wazazi wakizungumza kwamba mwaka huu hakuna likizo. Mtoto wa miaka 12 anajua kujumlisha. Hakuna aliyemwambia kwamba anadaiwa, ila kila akikosa mpira anahisi amekosa kulipa.

Na deni lenyewe halilipiki. Kwa miaka mingi timu ya softiboli ya daraja la kwanza la vyuo vikuu ilikuwa na nafasi 12 tu za ufadhili kamili wa masomo, wachezaji ishirini hivi wakigawana. Presha ya kuwahi nafasi hizo ilifikia mahali wasichana wakawa wanaahidiana nafasi na makocha wa vyuo kabla hata ya kuanza sekondari, mpaka NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaweka kanuni mwaka 2018 kwamba kocha asizungumze na mchezaji kabla ya Septemba mosi ya darasa la 11. Waliokuwa wakikimbizana hivyo ni watu wazima, kwa miguu ya watoto.

Ndiyo maana naona kanuni za kuwanyamazisha wazazi hazieleweki vizuri. Mwaka 1999 ligi moja ya soka ya wasichana kaskazini mwa Ohio ilitenga Jumapili moja ya ukimya kwa watazamaji wote, na wazo hilo limeigwa sehemu nyingi. Mwaka 2023 ligi ya besiboli ya watoto ya Deptford, New Jersey, ilitangaza kwamba atakayemtukana mwamuzi hatakanyaga uwanjani hadi kwanza achezeshe mechi tatu yeye mwenyewe. Wapinzani wanasema ni kuwaadhibu wazazi wote kwa makosa ya wachache, na kulea watoto kama mayai. Mimi naona binti amepewa saa moja na nusu ambayo akikosea anakosea yeye, akirekebisha anarekebisha yeye, na shingo yake haina pa kugeukia ila kwa kocha na wenzake. Baba wa ndoo hajanyang'anywa jioni zake. Zile ni zake na bintiye, na huenda ndizo atakazozikumbuka.

Ila kanuni hizi zinakomea getini. Timu nyingi zina utaratibu mzuri wa saa 24: mzazi mwenye malalamiko kuhusu mechi haruhusiwi kumfuata kocha hadi siku ya pili, hasira zikiwa zimetulia. Kocha amekingwa, mtu mzima mwenye filimbi shingoni. Binti anaingia kwenye gari na vumbi lake, anavua viatu, anaweka glovu mapajani, na kabla hawajatoka kwenye maegesho ameshaulizwa ilikuwaje awamu ya tatu akaurusha mpira ule nje. Anajibu, "Sijui." Safari ni ya saa mbili.