Chora nyumba kwa ukubwa wake

Vijana wanaojifunza kuchora ramani za nyumba hapa Mbeya huniuliza: kwenye kompyuta nianze na skeli gani, 1:50 au 1:100? Nawajibu bila kusita: usipunguze chochote. Mlango wa milimita 900 uchore milimita 900. Skeli ni ya karatasi, subiri siku ya kuprinti.

Vipimo navyo viwe vya aina moja tangu mwanzo. Mpima ardhi anakupa mita, fundi anataja tofali la inchi 6 na mbao mbili kwa nne. Mimi hugeuza vyote kuwa milimita (inchi 1 ni 25.4) kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Lakini linaloniuma zaidi ni sifuri ya mchoro, yaani mahali vipimo vyote vinapoanzia kuhesabiwa, maana hili halisemwi kabisa. Shangazi yangu alinunua kiwanja Uyole kwa akiba ya miaka mingi. Nikaingiza bikoni zake (alama za mipaka) kama zilivyo, kwa mita za UTM ya kanda 36 kusini, yaani mfumo wa namba za mahali kwenye ramani, kwenye programu ya 3D. Pembe zikarukaruka, kuta zikashikana. Siku mbili nililaumu kompyuta.

Kumbe tatizo ni namba. Upande wetu wa kusini, UTM huipa ikweta mita 10,000,000 na kushuka kutoka hapo, hivyo Mbeya tunaangukia kwenye milioni 9 na kitu. Programu nyingi za 3D hutunza namba kwa biti 32, yaani tarakimu 7 hivi za kuaminika. Ukivuka 8,388,608, hatua ndogo kabisa inayobaki ni 1 nzima. Mita nzima! Ukuta wa inchi 6 hauna pa kusimama hapo.

Dawa yake: chagua bikoni moja iwe sifuri, toa namba zake kwenye nukta zote, kisha namba hizo za bikoni ziandike mahali salama ili mchoro uweze kurudishwa kwenye ramani.

Na mteremko je? Kuna wanaopakua data za SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani, na kuzitegemea kupanga msingi. Mraba mmoja wa data hizo ni kama mita 30 kwa 30; kiwanja cha shangazi chote kinaingia ndani yake, na kompyuta itakuonyesha tambarare. Tulikwenda Uyole na fundi, tukapima kwa mpira wa maji, ule wa kusomea usawa. Mbele na nyuma vimepishana sentimita 84, na kwa kipimo hicho ndipo nilipochora msingi upya.