Mshahara wa Kuvutia Unamvutia Nani?

Tangazo la kazi ya mhasibu mwandamizi, mji wa Largo, jimbo la Maryland, Marekani. Sifa, uzoefu, tarehe ya mwisho, na katikati, bila kelele, mstari mmoja: dola 84,000 hadi 98,000 kwa mwaka. Basi. Mtu anasoma, anapiga hesabu ya pango na ada ya mtoto, anaamua kuomba au kuacha, na chai yake haijapoa. Aliyezoea matangazo ya Dar atadhani kuna karani aliyesahau kufuta.

Kwetu mstari huo husomeka "mshahara wa kuvutia". Unamvutia nani, na kwa kamba ya urefu gani? Laki saba imewahi kuitwa hivyo, na milioni nne nayo vilevile. Unatoa nakala za vyeti, unagongesha muhuri kwa wakili, unamuua bibi kwa mara ya pili ili upate ruhusa kazini, unavuka jiji kwa usaili wa kwanza, unavuka tena kwa wa pili, na kwenye wa tatu ndipo unaulizwa: "Unategemea kiasi gani?" Anayeuliza ana bajeti mezani. Wewe una jasho la mwendokasi.

Sisemi Wamarekani ni wema. Wamebanwa na sheria. Jiji la Washington limewalazimisha waajiri kuandika kiwango cha mshahara kwenye tangazo tangu tarehe 30 Juni 2024, na Maryland ikafuata tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 2020, Maryland ilishawakataza kumuuliza mwombaji alikuwa analipwa kiasi gani alikotoka. Linganisha na kwetu, ambako unaambiwa ulete hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho. Yaani aliyepunjwa jana anabeba mwenyewe ushahidi wa kupunjwa tena kesho.

Nawasikia: "Ameshaanza, mbeba boksi. Miaka miwili ughaibuni tayari anatufundisha maisha." Haya, boksi nalibeba, lakini tuendelee na hoja, maana wanaoguswa nayo zaidi ni weusi wenzetu waliozaliwa hukuhuku.

Kaunti ya Prince George's, iliyopakana na Washington, ina watu wanaokaribia milioni moja, na zaidi ya nusu yao ni weusi. Nenda Bowie au Mitchellville uone: nyumba za matofali, gereji za magari mawili, mama mchungaji na mhandisi na mkaguzi wa hesabu mtaa mmoja. Tabaka lile la kati limeegemea sana ajira ya serikali kuu, na serikali hiyo haikuwa malaika. Mwaka 1914 ilianza kudai picha kwenye maombi ya kazi, na picha hizo zikasaidia kuwachuja weusi. (Sisi bado tunaambatisha pasipoti saizi mbili, na hakuna anayeuliza za nini.) Lakini tangu 1949 kuna jedwali la GS, la madaraja ya mishahara ya watumishi wa serikali kuu, lililo wazi kwa kila mtu. Mwaka 2024, kwa eneo la Washington, GS-12 hatua ya 1 ilikuwa dola 99,200 na hatua ya 10 ilikuwa dola 128,956. Hatua tatu za kwanza unapanda kila mwaka, tatu zinazofuata kila baada ya miaka miwili, tatu za mwisho kila baada ya mitatu. Jumla miaka 18 kutoka chini hadi juu. Bosi akikuchukia anaweza kukunyima cheo, lakini hawezi kumpa mwenzako wa daraja na hatua ileile mshahara mwingine kimyakimya. Ubaguzi unapenda giza, na jedwali ni taa.

Mhamiaji asijipe matumaini mapema, kazi nyingi za serikali kuu zinataka uraia. Na mwaka 2025, serikali ilipopunguza watumishi, Prince George's ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolia.

Sekta binafsi nayo ina ujanja wake. Ukiona "dola 70,000 hadi 140,000", hapo hujaambiwa kitu. Swali la kuuliza simu ya kwanza kabisa ni hili: kiwango cha kuajiria ni kipi? Mara nyingi ni sehemu ya chini tu. Ile ya juu ni ya waliomo tayari. Na mwenye shahada ya Mlimani asiye na uzoefu wa Marekani watajaribu kumweka sakafuni. Akiwa na kiwango kilichoandikwa, walau anajua sakafu iko wapi.

Tena dola 92,000, ndani ya kile kiwango cha Largo, si utajiri, msianze kutuma meseji. Zinalipwa mara 26 kwa mwaka, dola 3,538 kila baada ya wiki mbili. Pensheni ya taifa na bima ya afya ya uzeeni zinakata asilimia 7.65, kisha inakuja kodi ya serikali kuu, ya jimbo, halafu na ya kaunti, bima ya afya, akiba ya kustaafu. Asiye na mke wala mtoto anabaki na kama 2,300 kwa kila malipo. Pango la chumba kimoja na sebule linaweza kumeza 1,800 kwa mwezi, na foleni ya Beltway, barabara kuu inayolizunguka jiji la Washington, saa moja asubuhi ni Ubungo yenye mistari iliyochorwa vizuri.

Ila pango hilo unalipa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba anaangalia hati zako mbili tatu za mshahara, anaona mapato yanafika mara tatu ya pango lake, anakupa funguo. Wa Sinza anataka miezi sita mkupuo kwa sababu hana namna ya kujua unaingiza nini. Ile siri ya mshahara tunayoiita adabu inatufuata mpaka mlangoni.

"Mbona Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, wanaandika daraja la mshahara, TGS D?" Kweli, na hapo najivunia nyumbani: serikali yetu ina madaraja tangu zamani. Lakini weka basi tarakimu pembeni ya herufi! Mashirika ya umma ndiyo hunichosha, "kwa kuzingatia ngazi za mishahara za taasisi". Ngazi zenyewe ziko kabatini. "Kampuni ndogo zitashindwa." Kuandika namba kwenye tangazo ni shilingi ngapi?

Mpaka sheria ije, ingia kwenye usaili na hesabu yako. Kwa Tanzania Bara, sekta binafsi, mshahara wa msingi unaozidi milioni 1.12 bila marupurupu: NSSF asilimia 10, PAYE, yaani kodi ya mshahara, asilimia 30 kwa kinachozidi milioni moja baada ya kutoa NSSF, juu ya 128,000 za viwango vya chini vya kodi hiyo, na Bodi ya Mikopo asilimia 15 kama unadaiwa. Milioni mbili ya mdaiwa inafika mkononi ikiwa 1,132,000. Wengi wanakosea hapa: wanataja wanachotaka kupokea, mwajiri anakiandika kama mshahara ghafi, mwezi wa kwanza kilio.

Kwa hiyo chukua unachotaka mkononi, toa 172,000, gawanya kwa 0.48 kama una deni la Bodi, au kwa 0.63 kama huna. Unayetaka milioni moja na nusu mkononi na una deni, taja 2,770,000. Huna deni, 2,110,000. Mwajiri akiwa Zanzibar tupa kanuni hii, makato ya kule yana viwango vyake.